Pima Saba, Mchanga Mweupe

Hapa soko la mifugo Isiolo kuna watu wananiita Chumvi na hata hawajui jina lilitoka wapi, na wale wanaojua wanaisimulia vibaya (kuna mmoja anaapa kwamba nilikunywa ndoo nzima, uongo mtupu, vilikuwa vikombe vitatu, na cha tatu sikumaliza), kwa hivyo leo nitaisema mwenyewe, kwa sababu kama ni kuchekwa basi heri nichekwe kwa yale niliyofanya. Mimi ni Jattani, mwenye duka la kona pale, na nilijitia aibu Biliqo mbele ya watu wote, mbuzi wote na ngamia arobaini.

Wengi mnajua nilikuwa baharia. Nilishuka Mombasa nikisindikiza ng'ombe wa mjomba wangu, ng'ombe wakabaki huko kwa sababu zao na mimi nikabaki kwa zangu, nikapata kazi kwa meli. Msifikirie meli zile za kalenda, nyeupe kama harusi. Yetu ilikuwa meli ya moshi, ya kula makaa ya mawe, kuukuu kuliko nahodha wake, na jina lake lilikuwa Subira, na wallahi jina liliiweza, kwa sababu mtu akipanda Mombasa kwenda Lamu alishuka amejifunza subira hata kama hakuja nayo. Chini kulikuwa na wale wa kutia makaa, wanaume wanne weusi kwa vumbi mpaka ukimwona mmoja amecheka unashtuka, juu kulikuwa na dohani ikitema masizi kwenye nguo za abiria waliojitandikia mikeka deki, katikati kulikuwa na boila ambayo ilikohoa kila ilipoona kisiwa. Kwenda tulibeba unga, mabati na saruji, kurudi tulibeba boriti na nazi, na mbuzi siku zote (mbuzi wa meli na mbuzi wa Isiolo tabia ni moja, wote wanakula kamba). Serahangi, yaani mkubwa wetu mabaharia, kazi yake ilikuwa kututukana kutoka alfajiri, na aliifanya kwa moyo safi.

Mimi, mtoto wa nchi kavu ambaye mpaka leo sijui kuogelea, nilipewa kazi ya bildi. Bildi ni kipande cha risasi kizito kimefungwa kwa kamba ndefu, na hiyo kamba ina alama kila pima moja, na pima ni mikono yako ukiinyoosha huku na huku kutoka kidole mpaka kidole. Meli ikikaribia mahali pa mafungu ya mchanga, mimi nasimama pembeni mwa meli, natupa bildi mbele, inagusa chini, nasoma kamba, halafu napiga kelele kwa sauti ya kuimba ili nahodha asikie juu ya kishindo cha mtambo: "Pima tano, tope!" Hiyo tope nilijua kwa sababu chini ya bildi kuna tundu, tunalijaza mafuta ya kondoo yaliyoganda, basi kama chini ni mchanga unanata, kama ni tope linanata, nahodha anajua yuko juu ya nini. Ikiwa pima mbili, anasimamisha meli na kuanza kusoma dua. Ikiwa pima saba, anaagiza chai.

Na nahodha, Nahodha Sefu, alinifundisha neno moja siku ya kwanza, akanishika sikio akinifundisha. "Mpima hasemi sijui. Ukiniambia sijui, mimi nitapita wapi na hii meli? Sema namba."

Basi nikasema namba. Miaka mitano nilisema namba. Mpaka asubuhi moja karibu na Lamu, manyunyu yananyesha, mkono umekufa ganzi, nikaona uvivu kungoja bildi ifike chini, na jana yake palikuwa pima nne, kwani mchanga una miguu? Nikaimba, "Pima nne, tope!" Jameni, mchanga una miguu. Subira ilipanda fungu taratibu kama ng'ombe anayelala, maji yakaanza kupwa, na saa mbili baadaye tulikuwa tumekaa nchi kavu, meli imelala upande, mbuzi wamerundikana ukuta mmoja, na mama mmoja akaja kwa miguu, nasema kwa miguu, na kikapu kichwani, akazunguka meli nzima akituuzia maandazi. Serahangi siku hiyo hakunitukana hata kidogo, na hapo nikajua nimefutwa. Nilishuka Lamu na bildi yangu ndani ya mfuko, tuseme nilisahau kuirudisha.

Hiyo ya Lamu sikumwambia mtu yeyote Isiolo. Nilisema bahari imenichosha.

Sasa sikieni vile kitu kidogo huzaa kikubwa. Kulikuwa na msichana, Qabale, alikuja kukaa kwa shangazi yake hapa mjini, na mimi nilikuwa nikipita mbele ya lile lango mara nyingi kuliko mtu mwenye akili anavyopita mahali pasipo na duka. Tuliongea, tukaelewana, nilimpenda mpaka nikasahau kula, na yeye (nasema hii kwa sababu ni kweli, si kwa kujisifu) alinipenda pia. Lakini baba yake, Mzee Guyo wa Biliqo, alikuwa ameshapata ujumbe kutoka kwa mtu anaitwa Boru, na Boru alikuwa na ngamia. Si ngamia watatu. Ukisimama kwa kilima unaona mgongo wa Boru na halafu ngamia mpaka macho yanachoka. Mimi nilikuwa na shati mbili na bildi.

Siku Mzee Guyo alipoleta ng'ombe wake hapa sokoni, Mjomba Wario wangu akamkaribisha kwa hoteli ya chai ili aniombee. Salaam aleikum, wa aleikum salaam, nagaa, nagaa, habari ya mvua hakuna, habari ya malisho hakuna, yakaisha. Mzee akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu.

"Hii kijana inafanya kazi gani?"

Mjomba, ambaye bahari hajawahi kuiona hata kwa picha, akajibu kwa kifua, "Alikuwa pwani miaka mitano. Kazi yake ni kupima maji."

Mzee Guyo akaweka kikombe chini. "Kupima maji?"

"Ndiyo."

"Na anapata?"

"Kila saa!" akasema mjomba. "Muulize. Hakuna siku moja alikosa."

Nanyi mnaona hakudanganya. Baharini kweli sikuwahi kukosa maji. Lakini pwani ukisema maji ni bahari, maji yamejaa, maji yamekupwa, mtu amekwenda maji mengi. Na kwetu huku ukisema mtu anapima maji, maana yake ni moja tu, ni yule anayetembea juu ya ardhi kavu akasema chimbeni hapa. Na mwaka ule ulikuwa wa kiangazi kile cha kuhesabu mbavu za ng'ombe ukiwa mbali. Mdomo wangu ulikuwa umejaa chai. Kuimeza kungechukua muda mfupi tu, halafu ningesema, mzee, ni maji ya chumvi, ni kuangalia meli isikwame. Nikameza. Mzee ananiangalia kwa macho ambayo yalikuwa yamebadilika kabisa, macho ya mtu anayemwona mkwe. Nikasema, "Alhamdulillahi."

Hiyo ndiyo dhambi yangu yote. Neno moja, tena la kumshukuru Mungu.

"Boru iko na ngamia," akasema Mzee Guyo akisimama. "Lakini ngamia haichimbi maji. Kuja Biliqo. Tuonyeshe mahali, maji ikitoka, msichana ni yako."

Wahenga wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi nilivua nguo pale hotelini nikavaa lori la ng'ombe linalorudi Merti tupu, na mjomba kando yangu akipanga harusi kwa sauti, njia nzima ya mavumbi, na bildi mapajani.

Biliqo tulikuta watu wamesimama wanangoja. Mzee mmoja akanishika mkono kwa mikono miwili akaniambia kwamba wapimaji wamekuja hapo tangu yeye kijana, na gari na kofia na chuma cha miguu mitatu, wakachungulia ndani ya ile chuma, wakala mbuzi, wakaandika, wakasema mtaletewa jibu, na kila ikikaribia siku ya kupiga kura wanakuja wengine kupima pale pale, wanakula mbuzi mwingine. "Wewe ni ya kwanza imekuja na lori ya ng'ombe," akasema. "Kwa hivyo tunaamini wewe." Nilitaka ardhi inimeze, lakini ile ardhi ilikuwa ngumu, haikuwa inameza chochote.

Nikafikiri, nivute muda kidogo nipate akili. Nikasema, "Nahitaji mafuta ya kondoo. Kidogo tu." Nilitaka ya kujaza tundu la ukubwa wa kidole gumba, na wale mabwana hawakuuliza ni kidogo gani, wakashika kondoo mnene kuliko wote aliyebaki kwa kiangazi kile, bismillahi, kisu, na nikaletewa kipande cha mafuta ambacho mtu angeweza kukalia. Mimi nikachukua cha kidole gumba. Kondoo mzima alikuwa amekwisha kufa kwa sababu ya tundu. Hapo sasa ningesemaje sijui?

Tukaenda kwa laga, yaani mto wa mchanga mtupu unaosubiri mvua. Watu wakatengeneza duara. Qabale, aliyekuwa amerudi kwao, alisimama na kina mama, amefunga shuka nyekundu, hanitazami, lakini najua alikuwa ananitazama. Nikajaza mafuta, nikazungusha kamba kama vile Subira inaingia mkondoni, nikatupa. Puu. Bildi ikalala juu ya mchanga. Nikavuta, watu wakasogea, na kweli chini ya ile risasi mchanga umenata. Wakashangaa, wakasema mashallah. Mchanga umenata kwa mafuta, jameni, hata kijiko kingenatisha.

Mzee Guyo akauliza, "Iko pima ngapi?"

Wallahi nilifungua mdomo niseme mzee, mimi sijui. Lakini mdomo wa mpima una mazoea yake, sikio langu likawasha pale Nahodha Sefu alipolishika, na nikasikia sauti yangu inaimba, ile ya kushinda mtambo, mpaka mbuzi wakainua vichwa:

"Pima saba! Mchanga mweupe!"

Mnakumbuka pima saba ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya nahodha kuagiza chai.

Wakaanza kuchimba dakika ile ile. Mzee Guyo akanyoosha mikono kupima pima moja, na yeye ni mrefu kama nguzo ya simu, kwa hivyo pima zangu saba zikawa karibu tisa. Wanaume walichimba kwa zamu siku kumi na nne, kwa sururu na mikono, wakipokezana karai la mchanga kutoka shimoni kama wanavyopokezana ndoo kwenye visima vyetu vya zamani, mmoja amesimama juu ya mwingine. Na mimi nilikuwa mgeni wa heshima, kazi yangu moja tu, jioni jua likianza kuinama nateremsha bildi ndani ya shimo na kuimba: "Pima tatu! Mchanga mwekundu!" Siku ya tatu wachimbaji walikuwa wameanza kunijibu. Mimi naimba pima, wao wanaitikia mchanga, kina mama wanapiga makofi. Nawaambia ukweli, nilianza kujiamini. Mtu akiimbiwa uongo wake kila jioni mwisho anaucheza.

Boru alikuwa akipita na ngamia wake kila siku kwenda mbali kwa maji. Mtu mtaratibu sana, hajawahi kunitukana. Alisimama ukingoni mwa shimo, akachungulia, akasema, "Mimi nangoja tu," akaenda. Nilimwonea huruma, fikirieni.

Siku ya tisa, pima tano na bado ni kavu kama unga, Qabale akaniletea maziwa nikiwa peke yangu kivulini. Hakunipa kikombe. Alikishika.

"Jattani, niambie mimi tu. Sitaambia mtu. Unajua maji iko hapo?"

Nikamwangalia. Alikuwa amekonda kwa kiangazi, midomo imepasuka. Lile neno sijui lilikuwa mdomoni, nilikuwa nalo hapa kwa ulimi.

"Najua," nikasema.

Akanipa maziwa. "Basi mimi nitaambia baba hiyo maneno ya Boru imalizike. Nitasema mimi mwenyewe." Na msichana wa kwetu kumwambia baba yake hivyo si jambo la mchezo, aliweka heshima yake yote juu ya hilo neno langu moja. Nikanywa yale maziwa mpaka mwisho. Mbwa ni mimi.

Siku ya kumi na nne asubuhi, mtu wa chini kabisa akapiga kelele. Mchanga ulikuwa unalowa. Watu wakakimbia, mizee iliyokuwa inatembelea fimbo ikasahau fimbo, na adhuhuri haijafika maji yalikuwa yamefika magoti ya mchimbaji, maji, maji ya kweli, yanametameta huko chini, na mimi, mimi ambaye nilijua kuliko mtu yeyote duniani kwamba nilikisia, nililia. Mjomba Wario alinibeba juu. Kina mama wakapiga vigelegele. Nilimwona Boru amesimama na ngamia wake nyuma ya watu na nikampungia mkono, ndiyo, nilimpungia, hiyo ndiyo ninayojutia kuliko zote.

Mzee Guyo akanyamazisha watu. Akasema kikombe cha kwanza kichotwe na Qabale, na Qabale ampe mpima mbele ya watu wote. Kina mama wakasukumana ili waone. Yeye akaja polepole, kikombe cha bati kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza mbele ya baba yake akanitazama machoni akatabasamu.

Nikanywa.

Ndugu zangu, nimeanguka baharini mara mbili katika maisha yangu na ladha ile naijua. Ilikuwa ile ile. Ilikuwa Mombasa, ilikuwa Lamu, ilikuwa Subira nzima na masizi yake, chumvi ya kukunja koo. Watu mia wananitazama. Na ulimi wangu, badala ya kutema kama ulimi wa mtu, ukasema, "Tamu!"

Vigelegele! Mzee Guyo akacheka mpaka machozi. "Ni tamu? Basi mpe ingine, amechoka!"

Cha pili kikaja. Ningesemaje? Nikanywa, nikajipangusa mdomo, nikasema mashallah, lakini jicho moja lilikuwa limeanza kujifunga lenyewe. Ndipo nikasikia sauti ya Boru, taratibu vile vile, kutoka nyuma, "Mwongezeeni." Yeye peke yake pale alikuwa anajua maji ya chumvi, kwa sababu ya ngamia, na nadhani alisoma lile jicho. Cha tatu nilifika nusu, tumbo likaongea kwa sauti, na Qabale, ambaye alikuwa ananiangalia kwa karibu kuliko wote, akaninyang'anya kikombe akaonja mwenyewe.

Hakutema. Alimeza, akaweka kikombe chini kwa mchanga, akarudi kwa kina mama. Wengine sasa wakaonja, wao ndio walitema. Mtu akamwagia mbuzi, mbuzi akanusa akaniangalia mimi. Na Mzee Guyo akasema polepole, kama hakimu:

"Hii kijana haikudanganya. Alisema anapima maji. Sisi hatukuuliza maji gani."

Kicheko kilianza kwa wazee. Na mimi ningesimama nikakivumilia, ningesema samahani kama mwanamume, lakini maji ya chumvi vikombe viwili na nusu juu ya tumbo lililokula mkia wa kondoo wiki mbili hayasubiri samahani. Nilikimbia. Na kiangazi kile hakikuwa kimeacha hata kichaka kimoja chenye jani, nilikimbia na kikoi changu cha pwani, nikachagua mti wa miiba usioficha hata mjusi, nikachuchumaa mbele ya Biliqo nzima, na ndipo ikaja sauti ya Boru, taratibu, kutoka mbali:

"Baharia! Iko pima ngapi huko?"

Na wachimbaji wote, siku kumi na nne za mazoezi, wakaitikia kwa wimbo, "Pima saba! Mchanga mweupe!"

Nimesema. Sasa mmesikia kwangu.

Niliporudi (nilirudi, ningeenda wapi, lori la kurudi Isiolo lilikuwa pale) kicheko kilikuwa kimeisha, na heri kingebaki. Wale wanaume walikuwa wamekaa ukingoni wanaangalia viganja vyao vilivyopasuka. Siku kumi na nne, kondoo mmoja, na watoto bado wana kiu. Mjomba alikuwa ndani ya lori tayari, ametazama mbele. Qabale akaja mpaka nilipo, bila kujali nani anaona, na hakunipigia kelele.

"Nilikuuliza peke yako," akasema. "Ungesema sijui. Ningekaa na wewe na sijui yako. Sasa nimeambia baba najua."

Nyuma yake ngamia wa Boru walikuwa wamefika kwenye yale maji yaliyomwagika, wanayalamba, wanasukumana, kwa sababu ngamia anahitaji chumvi na watu wa ngamia hutembea siku nyingi kuitafuta. Boru mwenyewe alikuwa ameshuka tayari shimoni na ndoo, anapima kwa macho mahali pa kujenga birika. Hakuna mtu aliyemwambia achimbe. Mimi nilikuwa nimemchimbia.

Boru alimwoa Qabale mvua iliyofuata. Ngamia waliotolewa mahari ndio wale walionenepa pale, na wanaopita wanasema wanang'aa mpaka unaweza kujiona. Kile kisima bado kiko. Wakikuelekeza wanakuambia pitia Kisima cha Baharia. Nimeambiwa kwamba wachimbaji wakikisafisha wanaimba ule wimbo, na vijana hawajui ulitoka wapi.

Mimi nilifungua hili duka. Bildi ndiyo ile inayozuia mlango upepo ukija. Na karibu miaka kumi baadaye, mchana, mwanamke akaingia na watoto wawili, akaomba majani ya chai na sukari kilo mbili, na mimi nikafunga bila kuinua kichwa, na kwa mazoea ya mwenye duka nikauliza, "Na chumvi, mama?"

"Chumvi ya nini?" akasema. "Si uliniachia kisima mzima."

Nikainua kichwa. Alikuwa amenenepa kidogo, mzuri zaidi, uso hauchezi. Tukasalimiana, salaam aleikum, watoto wazima, Boru mzima, ngamia wazima sana. Akachukua vitu vyake, akafika mlangoni, akaiona ile risasi pale chini, akaisogeza kwa mguu. Akaangalia mawingu yaliyokuwa yamekaa upande wa mlima.

"Unaonaje," akauliza, "hiyo mvua itafika kwetu?"

Mdomo wangu ukafunguka, na namba zikaja zote, siku tatu, siku nne, kesho kutwa. Nikazimeza moja moja.

"Sijui," nikasema.

Qabale akageuka kunitazama. "Aya," akasema, "kumbe unaweza," akawashika watoto mikono, akaenda.

Kwa hivyo msinikasirikie nyinyi wateja wangu. Mtu akiniuliza msikiti uko upande gani, na mimi naswali pale kila siku, nitaanza na sijui, halafu ndipo nitamwonyesha.